Shingo ya mtoi ni nyeusi na haitoki hata ukisugua? Soma hii kwanza

Mathe wa Nakuru, skiza kidogo. Umemsugua mtoi shingo na sponji, ukaongeza sabuni, lakini ule weusi umekataa kutoka. Unamgombeza bure. Kwa mtoto mwenye mwili mkubwa, ngozi ya shingo au makwapa ikianza kuwa nyeusi na nzito hivi, mara nyingi si uchafu. Ni insulini imepanda.

Insulini ndiyo hufungulia sukari mlango iingie kwa misuli. Mafuta yakijaa tumboni na kwa ini, mlango unakuwa mgumu, na mwili unatoa insulini nyingi zaidi kuulazimisha. Ndio maana kipimo cha sukari kinaweza kusoma poa tu kwa miaka, kumbe kongosho linahangaika huko ndani.

Sasa kuna hii ingine wasee wengi hawajawahi ambiwa: damu pia inabadilika. Damu ina timu mbili. Ya kwanza inagandisha, ndio ukijikata na kisu usimwagike yote. Ya pili inayeyusha lile donge kazi ikiisha. Mafuta ya tumbo hutoa protini inaitwa PAI-1, na hiyo inafunga breki timu ya kuyeyusha. Ini nalo linaongeza fibrinojeni, ile malighafi ya kutengeneza donge lenyewe. Kwa hivyo damu inakuwa rahisi kuganda na ngumu kuyeyuka.

Usishtuke. Mtoi kupata donge la damu ni nadra sana. Noma ni mishipa kuishi hivyo miaka 20 au 30, halafu mtu anaanguka na stroki ama roho akiwa bado kijana.

Habari poa ni kwamba hii kitu hurudi nyuma. Watoto wenye unene wakipunguza uzito, insulini hushuka, mafuta kwa damu na kwa ini hupungua, presha hutulia, na PAI-1 nayo hushuka. Si lazima mtoi akonde kama modo, hata kupungua kiasi huonekana kwa vipimo. Lakini uzito ukirudi, hizo shida nazo zinarudi.

Na kwa mtoi anayekua, mara nyingi hata hahitaji kupoteza kilo. Akibaki pale pale huku urefu ukiongezeka, tayari amepungua. Wachana na chai za kukondesha na hizo mambo za kumnyima chakula, atakosa virutubishi vya kukua.

Cha kushangaza ni kwamba tuko Bonde la Ufa, nyumbani kwa mabingwa wa mbio. Watafiti walichapisha ulinganisho wa vijana wa Nandi wa mashambani na wa mjini. Wale wa ocha walikuwa wanasonga zaidi kila siku na wana pumzi kuliko wa town. Damu ni ile ile, maisha ndiyo tofauti. Hapa Nakuru van ya shule inamchukua mtoto mlangoni Section 58, jioni ni simu, wikendi ni chipo na soda. Viazi vya Molo havina makosa, vichemshe tu. Soda ndiyo mbaya: nusu lita ina zaidi ya vijiko 10 vya chai vya sukari. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtoto asonge angalau dakika 60 kwa siku, na hata kabla kilo zipungue, misuli inayofanya kazi huanza kuskiza insulini. Nyumba nzima ibadilike lakini, juu ukimpa yeye managu na nyinyi mnakula chipo, atajiona ameadhibiwa.

Mpeleke hospitali, hata ile ya kaunti ambayo wengi bado tunaita PGH, apimwe presha, sukari, mafuta na ini. Vipimo vya kuganda kwa damu kwa kawaida si lazima. Ila mguu mmoja ukivimba na kuuma, ama pumzi ikakatika ghafla, usingoje kesho.

Na shingo? Insulini ikishuka, rangi huanza kurudi polepole, miezi kadhaa hivi. Ile sponji rudisha jikoni.