Uzinduzi wa Vitabu Mtandaoni na Sauti ya Kiswahili cha Kongo

Uzinduzi wa kitabu ni tendo la kukitoa kitabu kipya hadharani mbele ya mashahidi. Mwandishi husoma sehemu ya kazi yake, mhakiki huieleza, wasikilizaji huuliza, na mwishowe nakala hununuliwa. Kwa muda mrefu tendo hilo lilihitaji ukumbi. Tangu mwaka 2020, hata hivyo, limezoeleka kufanyika pia kwa njia ya intaneti. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mikutano hiyo inavyoendeshwa, na kuonyesha kwa nini ina umuhimu wa pekee kwa Kiswahili kinachosemwa mashariki na kusini-mashariki mwa Kongo.

Chanzo cha mabadiliko hayo kinajulikana. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba maradhi ya korona yamekuwa janga la dunia nzima, na tarehe 24 mwezi huohuo hali ya dharura ilitangazwa nchini Kongo. Kumbi zilifungwa. Mwezi huo wa Machi mwandishi Zukiswa Wanner alianzisha tamasha lililoitwa Afrolit Sans Frontières, ambamo waandishi wa nchi mbalimbali za Afrika walisoma na kuzungumza wakiwa nyumbani kwao, kwa kutumia Facebook na Instagram. Kumbi zilipofunguliwa tena, desturi hiyo haikutoweka.

Mikutano ya namna hii ni ya aina mbili. Katika aina ya kwanza, walioalikwa huingia kwa anwani maalum, na kila mmoja aweza kupewa nafasi ya kusema. Katika aina ya pili, mazungumzo hutangazwa wazi, na wasikilizaji huandika maswali ambayo msimamizi huyasoma. Katika zote mbili msimamizi ana mamlaka makubwa kuliko ukumbini, kwa kuwa ndiye afunguaye na kufunga sauti za watu. Kanda inayorekodiwa huweza kusikilizwa baadaye na wale waliokosa kuhudhuria.

Sanaa inayosikika pasipo msanii kuwapo si jambo geni Lubumbashi. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilijulikana kwa michezo yake ya Kiswahili iliyosikika redioni na kuonekana katika televisheni. Tofauti ni kwamba msikilizaji wa redio hakuweza kujibu papo hapo, ilhali wa mtandaoni aweza. Ndiyo maana mkutano wa mtandaoni hupimwa kwanza kwa majibu yake: ni nani anayesema, na kwa Kiswahili kipi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu fasihi ya Kiswahili cha Kongo imeshikamana sana na sauti. Mfano mzuri ni historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, ambayo ilipigwa taipu kwa Kiswahili cha mji huo. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeitoa kitabuni mwaka 1990, alionyesha kwamba maandishi yale, yasiyofuata tahajia iliyokubaliwa, yalihitaji kwanza kusomwa kwa sauti na mwenyeji wa lugha ndipo yaeleweke barabara. Kazi ya namna hiyo inapozinduliwa kwa kusomwa hewani, humfikia msikilizaji katika umbo ambalo ukurasa peke yake hauwezi kulihifadhi.

Lakini hapo pana hatari. Mkutano wa mtandaoni huwaweka pamoja msemaji wa Lubumbashi, wa Bukavu, wa Mombasa na wa Dar es Salaam. Anayesema «batu» na «katoto» hujikuta mbele ya wanaosema «watu» na «kitoto», na kwa kuogopa kusahihishwa huenda akachagua kunyamaza au kuhamia Kifaransa. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, lakini heshima ya kikatiba haitoshi kumfungulia mtu kinywa. Akinyamaza mwenye lugha, kitabu chake kitakuwa kimezinduliwa bila wenyewe kuwapo.

Hata saa yaweza kuwa kikwazo. Tangazo la Dar es Salaam likisema «saa mbili usiku», Lubumbashi wakati huo ni saa 19:00 na Kinshasa ni saa 18:00. Aidha, msomaji wa Lubumbashi aliyezoea kuhesabu saa kwa mtindo wa Kifaransa aweza kudhani kwamba anaalikwa saa nane za usiku wa manane.

Kikwazo kingine ni gharama. Kutazama picha zinazotembea kwa saa mbili humaliza upesi mega ambazo mwanafunzi amezinunua kwa fedha yake ndogo, na umeme huweza kukatika kabla ya kipindi cha maswali. Tena kitabu chenyewe husafiri polepole kuliko habari zake. *Peponi*, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022. Riwaya hiyo inasimulia msafara wa biashara utokao pwani kwenda bara. Mtu wa bara aweza leo kuisikia ikijadiliwa huko pwani dakika ileile, lakini kuipata nakala mkononi ni safari nyingine.

Kutokana na hayo, uzinduzi wa mtandaoni haufai kuachwa uwe shughuli ya mtu na simu yake chumbani. Idara ya lugha yaweza kufungua darasa moja lenye chombo kimoja na kipaza sauti, ili thelathini wasikilize kwa mega za mmoja na kujadiliana wenyewe kabla ya kuuliza. Nakala mbili au tatu zitangulie kuwekwa maktabani. Saa iandikwe kwa namna zote mbili, pamoja na jina la mji. Msimamizi aanze kwa kumwomba mwandishi asome kwa Kiswahili alichoandikia, na atangaze kwamba maswali yatapokelewa kwa lahaja yoyote. Mwishowe kanda ihifadhiwe pamoja na tarehe, mahali na majina ya wasomaji.

Hatua hii ya mwisho isidharauliwe. Sauti nyingi za Kiswahili cha Kongo zilisikika mara moja tu redioni, zikapotea. Idara inayohifadhi kanda za leo itakuwa inawaandalia wanafunzi wa kesho matini za kuchunguza, na waandishi wa kesho ushahidi kwamba Kiswahili chao kiliwahi kusomwa hadharani, kikasikilizwa na kujibiwa.