Sauti katika Simu ni Amana

Wasikilizaji, mnamo Mei 2020 Mto Nyamwamba ulifurika wilayani Kasese na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Wakati huo usafiri wa umma ulikuwa umesitishwa kote Uganda kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Katika hali kama hiyo mwandishi wa habari hana budi kuitegemea simu. Mchimba chumvi wa Kabatoro, ambaye mvua imeyazimua maji ya vidimbwi vyake kando ya Ziwa Katwe, aweza kusikika taifa zima bila ya kuondoka ziwani.

Kuinasa sauti hiyo si kazi ngumu. Simu moja huwekwa kwenye kipaza sauti katika chumba kitulivu, na simu janja ya pili, iliyo na chaji ya kutosha na iliyofungiwa mawasiliano, huwekwa kando yake ikirekodi. Ni busara kuijaribu kwanza kwa dakika moja. Njia hii imedumu kwa sababu kampuni zenyewe zimebana urekodi wa siri: mwaka 2022 Google iliifunga njia iliyotumiwa na programu nyingi za kurekodi simu, nayo iPhone, iliyoanza kurekodi mazungumzo mwaka 2024, huwatangazia wote wawili kwamba wanarekodiwa.

Tangazo hilo ndilo kiini cha jambo. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 hulinda faragha ya mawasiliano ya mtu. Kwa hiyo mwandishi mwadilifu hutaja jina lake na chombo chake, huomba ruhusa, kisha huirekodi ruhusa hiyo pamoja na tarehe na saa.

Lakini ruhusa peke yake haitoshi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, karibu na Bwera, ilishambuliwa, na watu zaidi ya 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Katika usiku wa namna hiyo, tuseme ofisa anaulizwa kwa simu, naye anajibu: “Hatuna hakika kwamba watoto wote wamesalimika.” Mkataji asiye mwangalifu akiyaondoa maneno matatu ya mwanzo, mzazi aliyesimama langoni atasikia kwamba watoto wote wamesalimika. Ndiyo maana rekodi ya asili huhifadhiwa nzima, na ukataji hufanywa kwenye nakala tu.

Askari naye ana wajibu wake. Akipigiwa simu, na aulize kwanza: nani anasema, na je, ninarekodiwa? Asiyekuwa na idhini ya kusema amwelekeze mwandishi kwa msemaji wa kikosi. Mwenye idhini aseme alichokiona, na asichokijua akiri kwamba hakijui.

Neno likishatoka halirudi. Na likishanaswa, hubaki kuwa shahidi. Shahidi huyo atasema kweli iwapo tu aliyempokea na aliyemtuma wote wawili walikuwa waaminifu.