Kigari Kipimwe Ubaoni, Si Barabarani

Ninyi mkaao Cimpunda, na ninyi mliowahi kupanda huko kutoka soko la Kadutu, mwajua jinsi njia zetu zilivyo na mteremko mkali. Watoto waupenda mteremko huo. Huachilia juu vigari vyao vya mti, vya mikebe na vya waya, kisha huvikimbilia hadi chini. Siku moja niliona kijana akikimbilia kigari chake bila kutazama mbele wala nyuma. Pikipiki ikapita karibu naye hata ikamgusa shati. Alipona. Lakini wenzake wakaendelea kugombana, kila mmoja akidai kuwa kigari chake ndicho cha kwanza. Ugomvi ule haukwisha, kwa maana barabarani jiwe moja dogo laweza kukishinda kigari kizuri.

Dawa ya hatari hiyo na ya ugomvi huo ni moja, nayo si ghali: ubao.

Mwaka 1953, huko Manhattan Beach katika Marekani, baba mmoja aitwaye Don Murphy aliona mwanawe bado ni mdogo mno kushindana katika magari makubwa ya kuteremka. Akabuni mashindano ya vigari vidogo vya msonobari, vinavyoteremka ubaoni kwa uzito wao tu. Zamani zaidi, Galileo, mtaalamu wa Italia, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638 jinsi alivyochonga mfereji katika ubao mrefu na kuulainisha, akateremsha ndani yake tufe la shaba. Jaribio hilo alilirudia mara mia.

Basi, tutengeneze wetu. Mwombe seremala ubao wenye urefu wa mita 2 na nusu, hata kama ni wa mabaki, na upana upitao kidogo ule wa kigari. Usugue kwa msasa. Katikati, tangu juu hadi chini, pigilia ufito mwembamba ulionyoka. Magurudumu yatapita huku na huku, kigari kisianguke. Inua kichwa cha ubao kwa matofali, kimo cha sentimeta 50. Mguu wake uwe juu ya sakafu laini ya saruji. Hapo ubao unapokutana na sakafu, weka karatasi ngumu iliyopindwa kidogo, ili pua ya kigari isijigonge.

Usikisukume kigari kwa mkono. Kizuie kwa kijiti, kisha ondoa kijiti ghafula. Saa haihitajiki, kwani mteremko ni mfupi mno kuhesabiwa vizuri. Pima kwa utepe umbali ambao kigari kimekwenda sakafuni hata kikasimama. Jaribu mara tatu, uandike kila kipimo.

Kigari kikienda upande, ekseli zake hazikunyoka. Kikisimama upesi, zisugue ekseli, uzipake unga wa kalamu ya risasi. Kisha jaribu kuongeza uzito kidogo nyuma ya kigari: kikiwa juu ya mteremko, sehemu ya nyuma ndiyo iliyoinuka zaidi, kwa hiyo uzito uliopo hapo huteremka zaidi na kukisukuma. Lakini ukizidisha, pua itainuka na kigari kitayumba.

Sasa sikilizeni neno lililo kubwa kupita yote: badili jambo moja tu kila mara. Kijana apakaye unga, aongezaye uzito na kubadili magurudumu kwa siku moja, hatajua kamwe ni lipi lililomsaidia. Wala asiandike kipimo kizuri tu na kuficha kibaya. Njia ya mwongo ni fupi, husema wazee. Na ubaoni ufupi wake huonekana kwa utepe.

Wazazi, wapeni watoto ubao huo na pembe ya baraza. Nao walimu watawakaribisha darasani baada ya masomo. Kigari kikishindwa sakafuni, hurudi juu kujaribu tena. Mtoto akigongwa barabarani, hakuna kujaribu tena.