Bujora: Mtoto akiuliza kuhusu mganga, usimvute mkono

“Shangazi, mbona kanisa hili ni kama nyumba ya msonge?”

Aliniuliza mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka minane, tulipofika Bujora, eneo la Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka jijini Mwanza kwenye barabara ya kwenda Musoma. Nikamwambia limejengwa hivyo makusudi. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha kituo hiki miaka ya 1950, alitaka Wasukuma wasali mahali panapofanana na kwao. Jirani na kanisa kuna Makumbusho ya Wasukuma, yenye ngoma za watemi, nyumba ya mhunzi na ya mganga.

Kila mwaka, wakati wa Sikukuu ya Ekaristi, hapa hufanyika Bulabo. Bagika na Bagalu hushindana kucheza ngoma, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Waasisi wa makundi hayo, Ngika na Gumha, walikuwa waganga.

Tulipofika kwenye nyumba ya mganga, mtoto alinong'ona: “Huyu ni mchawi?”

Nilitaka kumvuta mkono tuondoke. Kisha nikakumbuka nyumbani kwetu: Jumapili tulikwenda kanisani, Jumatatu tukaogeshwa majani, na hakuna aliyeyataja. Kazini nakutana na wazazi wanaomficha daktari kuwa mtoto amenyweshwa mitishamba. Wanaona aibu, na daktari anatibu bila kujua dawa nyingine iliyomo mwilini.

Nikachuchumaa. Nikamweleza kuwa mganga na mchawi si mtu mmoja; mganga alitibu watu kabla ya kuwapo zahanati. Dawa zake nyingine husaidia, nyingine hudhuru, hivyo tukienda hospitali tunasema kila tulichokunywa.

“Hata ile ya bibi?”

Hata ile ya bibi.

Mzazi, ukiwa Kanda ya Ziwa likizo ya Juni, wapeleke watoto Bujora. Beba maji na kofia, wavalishe viatu vya kufunika miguu, na omba mwongoza wageni awatembeze taratibu. Ukiweza, mchukue na bibi yao. Atakumbuka mengi akiziona zile ngoma, na watoto watamuuliza maswali ambayo wewe hukuwahi kuthubutu kuyauliza.