Dawa ya Mgonjwa, Zamu ya Mwingine

Mgonjwa akilazwa Mulago, hospitali kuu ya rufaa ya Uganda, huja na ndugu wa kumuuguza, mujjanjabi kwa Kiganda. Huyo ndiye anayemwogesha, anayemlisha, anayefua shuka na kukimbilia duka la dawa wodi ikiishiwa. Siku ya kuruhusiwa, kazi hiyo inahamia nyumbani, katika mitaa ya Kampala kama Bwaise au Katanga, ambako hakuna muuguzi wa kuulizwa. Mara nyingi humwangukia mke, binti au bibi, tena bila malipo.

Wakazi wengi wa Kampala hawana daktari wa familia. Wanamwendea musawo aliye karibu: afisa tabibu wa kliniki ya mtaani, au muuguzi wa kituo cha afya kama Kisenyi na Kawaala. Huyo anaweza kumpunguzia mzigo anayeuguza, na pa kuanzia ni kalamu yake mwenyewe, kwa sababu kila dawa anayomwandikia mgonjwa inampangia zamu mtu mwingine.

Chukua dawa ya kupunguza maji mwilini anayopewa mwenye moyo dhaifu. Ikimezwa jioni, mgonjwa ataamka kwenda haja usiku kucha. Penye nyumba za kupanga, choo cha shimo kiko nje na familia kadhaa zinakitumia. Kila safari ni kumwinua mgonjwa, kuwasha tochi, kumshikilia hadi mlangoni na kumngoja. Ikimezwa asubuhi, wote wawili wanapata usingizi.

Mofini ya maji inaonyesha jambo hilo hilo. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, iliieneza kwa wagonjwa wenye maumivu makali wanaotunzwa nyumbani. Kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, ila dozi ya kulalia inaweza kuongezwa maradufu ili ile ya usiku wa manane isihitajike. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu hata wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika, hivyo haikuwa lazima familia imtafute daktari kila chupa ilipokwisha.

Baada ya dawa, yafuate mafunzo ya mikono. Aliyepooza kwa kiharusi hugeuzwa takriban kila saa 2 asipate vidonda vya mgandamizo. Kusema ni rahisi. Musawo aoneshe: shuka iliyokunjwa ipite chini ya nyonga, anayegeuza akunje magoti, avute shuka, wala asivute mkono uliopooza, maana bega la mkono huo huteguka kirahisi. Kisha aulize nani atamgeuza mgonjwa usiku. Kama jibu ni mtu mmoja, mpango huo hautafika Ijumaa.

Anayeuguza naye ana mwili wake. Apimwe presha siku ile ile anayomleta mgonjwa, ili asilipe nauli ya boda mara mbili, na majibu yaandikwe kwenye kitabu chake mwenyewe cha matibabu. Aulizwe kando, mgonjwa asisikie: “Mama, jana ulilala saa ngapi? Nani anakupokea zamu?” Swali la jumla la “hali yako?” litajibiwa “nzuri” hata na mtu ambaye hajalala wiki nzima. Akionekana amekata tamaa, au analia kila siku, huenda huo ni ugonjwa unaotibika, naye apewe rufaa kama mgonjwa mwingine yeyote.

Mshahara musawo hawezi kumpa. Lakini ana sauti ambayo binti anayeuguza hana mbele ya kaka zake wanaotuma pesa kwa simu na kuhesabu kwamba wamemaliza wajibu. Awaite, au awapigie simu, awaambie waziwazi kwamba dada yao anahitaji usiku wa kulala mara mbili kila wiki, na kwamba pesa haigeuzi mgonjwa. Wewe unayeuguza, ukienda kliniki safari ijayo, omba simu hiyo ipigwe ukiwa umekaa hapo hapo.