Kilo Mbichi, Kilo Iliyoiva: Namna ya Kulinganisha Sehemu za Nyama Choma

Watu wa mjini wakibishana ni wapi penye nyama choma nzuri, mara nyingi kila mmoja anazungumzia biashara tofauti. Wa kwanza anasifu mabucha ya Kenyatta Market, Nairobi, ambako unachagua nyama ikiwa imening'inia, inapimwa, kisha unasubiri ichomwe. Wa pili anaitaja Carnivore, iliyofunguliwa jijini humo mwaka 1980, ambako unalipa kwa kichwa na wahudumu wanapita na nyama kwenye mapanga marefu mpaka uangushe kibendera mezani. Wa tatu hataki kusikia kingine ila mishikaki ya Forodhani, Unguja. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi. Ila huwezi kuwaamulia kabla hujajua kila sehemu inauza nini hasa, na inauza kwa kipimo gani.

Tuanze na mizani. Kwenye bucha lenye jiko, bei ya kilo ni ya nyama mbichi pamoja na mifupa yake. Katika kilo ya mbuzi, mfupa huchukua takriban robo. Inayobaki ikikaa motoni hupungua maji na mafuta, na kupungua kwa robo hadi theluthi ni jambo la kawaida. Kwa hiyo kinachofika mdomoni ni kama nusu kilo tu. Tuchukue mfano: bucha linauza kilo kwa shilingi 1,000 za Kenya, na mgahawa wa jirani unauza sahani ya gramu 250 za nyama iliyoiva, isiyo na mfupa, kwa shilingi 650. Bucha linakugharimu shilingi 2 kwa kila gramu unayokula, mgahawa shilingi 2.60. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye ubao wa bei, na kama sahani inakuja na ugali na kachumbari huku bucha likikutoza pembeni, huenda ikaisha kabisa. Lakini kama gramu hizo 250 zina mifupa ndani yake, mgahawa umekuacha mbali. Swali la kumuuliza mhudumu kabla ya kuagiza ni fupi: kipimo hiki ni cha mbichi au cha iliyoiva, na mfupa umo?

Kwenye bili ya bucha ongeza pia muda. Mbavu zinazochomwa inavyotakiwa huchukua dakika 45 hadi saa nzima, na watu wachache hukaa saa nzima mezani bila kuagiza soda au bia. Vinywaji vya kusubiria ni sehemu ya bei ya nyama, hata kama havikuandikwa karibu yake. Kwa bei ya kichwa hesabu hugeuka: mwenye mlo mdogo humlipia mwenye mlo mkubwa. Kama chakula chako ni vipande vitatu na saladi, hapo unalipia mandhari na mbwembwe zake.

Sasa twende jikoni, kwa sababu ladha haiamuliwi na mizani. Simama karibu na jiko dakika chache uangalie mikono ya mchoma nyama. Mzoefu hatandazi mkaa sawasawa. Upande mmoja ana makaa mengi yaliyoshika jivu jeupe, upande wa pili machache. Mbavu huanzia kwenye moto mdogo, mifupa ikiwa chini. Anazinyunyizia maji ya chumvi kwa vidole, na mafuta yakianza kudondoka mfululizo anazigeuza. Ulimi wa moto ukipanda anaihamisha nyama, hamwagii mkaa maji na kurusha majivu juu ya chakula cha watu. Mwishoni ndipo anapoisogeza kwenye makaa makali ili ipate rangi.

Mpangilio huo una sababu zake. Nyama yenye maji juu haivuki sana nyuzi joto 100, na ile rangi ya kahawia yenye harufu ya kuvutia huanza kujitokeza vizuri kwenye nyuzi 140 hivi, juu pakishakauka. Kano na nyuzi ngumu za mbuzi aliyekomaa, kwa upande wao, zinataka joto la wastani kwa muda mrefu ndipo zilainike. Moto mkali tangu mwanzo hukupa nje nyeusi na ndani mpira. Tena mafuta yanayowaka chini ya wavu hurudisha juu ya nyama masizi yenye kemikali ambazo baadhi yake zinahusishwa na saratani. Sehemu iliyoungua ikatwe, iachwe.

Wapo wanaofupisha kazi kwa kuchemsha nyama kwanza, kisha kuipitisha motoni. Utaitambua: ndani ina rangi moja ya kijivu, inachambuka kirahisi, na moshi umeishia kwenye ngozi ya juu. Si wizi, ni pishi jingine, ila lisiuzwe kwa jina na bei ya choma.

Viungo navyo vina mipaka. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu havipenyi zaidi ya milimita chache. Papai bichi lina kimeng'enya kinacholainisha nyama, lakini nalo hufanya kazi juu juu. Kwa mshikaki wa vipande vidogo hiyo inatosha, kwa paja zima haitoshi. Kwa hiyo ukitaka kupima majiko mawili, agiza kitu kimoja kote: mbavu za mbuzi, chumvi tu, pilipili pembeni. Rosti nzito huficha mengi.

Usafi hauhitaji maabara. Angalia kama nyama iliyoning'inia ina muhuri wa mkaguzi, kama ubao na kisu cha mbichi ndivyo hivyo hivyo vinavyokatia iliyoiva, na kama maji ya kunawa yanatiririka. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na kinachosubiri mteja kibaki juu ya nyuzi 60. Kuku aliyechomwa saa kumi jioni na kuwekwa kwenye sinia mpaka saa mbili usiku ameshavuka mpaka huo, hata akipashwa moto mbele yako. Kwenye kibanda cha chipsi, tazama mafuta: yakiwa meusi, yanatoa povu na moshi, yamechoka.

Kwa vipimo hivyo hakuna mshindi mmoja wa mji mzima. Kundi la watu wanne wenye jioni ndefu litapata thamani kubwa kwenye bucha lenye jiko. Anayekula peke yake afadhali mishikaki, maana ananunua kiasi anachomaliza. Mwenye nusu saa ya mapumziko ya kazi aende kwa mama lishe, kwa sababu pilau iliyotoka sufuriani sasa hivi ni bora kuliko choma iliyoharakishwa. Bei ya kichwa mwachie mwenye njaa ya kweli, au mwenye mgeni wa kumtembeza.