Kifua Kinapouma, Tuanze na Kinachoua

Muulize mtu wa Majengo, hapa Moshi, kwa nini kifua kinamuuma, na mara nyingi jibu analo tayari. Ni vidonda vya tumbo, maana jana alikula maharage. Ni kichomi, amepigwa na baridi ya mlimani. Ni presha. Ni mawazo ya ada za watoto. Jirani anamuunga mkono, muuza duka la dawa anampa vidonge vya kiungulia, na baada ya nusu saa maumivu yanatulia. Hatari iko hapo hapo, kwa sababu maumivu ya moyo uliopungukiwa damu nayo huja na kuondoka. Kutulia baada ya kumeza dawa ya tumbo hakuthibitishi kwamba tatizo lilikuwa tumboni.

Daktari wa dharura hufuata mpangilio mwingine kabisa. Hajiulizi kwanza ni ugonjwa gani ulioenea zaidi. Anajiuliza ni upi unaoweza kumuua mgonjwa huyu kabla ya jioni. Orodha yake ni fupi: mshipa wa moyo ulioziba, bonge la damu lililokwama mapafuni, mshipa mkuu wa damu uliochanika, hewa iliyonaswa nje ya pafu ikalibana, na maji yaliyojaa kwenye utando wa moyo. Misuli, mbavu, vidonda na kiungulia vinasubiri zamu yao, hata kama ndivyo vyenye wagonjwa wengi. Natamani kila nyumba iujue mpangilio huu, kwa kuwa uamuzi wa kwanza hufanyika nyumbani. Kutoka Majengo hadi Hospitali ya Mawenzi ni safari fupi ya bodaboda, na hospitali ya rufaa ya KCMC nayo si mbali. Kwa sisi wa mjini, saa nyingi hupotea sebuleni, watu wakijadiliana.

Lakini haitoshi kuwalaumu wagonjwa. Mwaka 2019 watafiti wa KCMC na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliwafuatilia watu wazima 681 waliofika idara ya dharura ya KCMC wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Kila mmoja alipimwa umeme wa moyo na damu kwa ajili ya utafiti, nje ya vipimo ambavyo daktari wa zamu angeamua kuagiza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: watu 152, yaani zaidi ya mmoja kati ya watano, walikuwa na mshtuko wa moyo. Wengi wao walikuwa wamepewa jina jingine la ugonjwa, likiwemo presha au moyo kushindwa kufanya kazi. Siku 30 baadaye, asilimia 43 ya hao 152 walikuwa wamefariki. Katika nchi ambako mshipa ulioziba hufunguliwa haraka, wanaokufa katika muda huo ni chini ya 10 kati ya 100.

Kwa nini madaktari wazuri, katika hospitali kubwa, wapitwe na ugonjwa mzito hivyo? Jibu moja ni kwamba kwa miaka mingi walifundishwa kutoutarajia. Mwaka 1929 daktari wa kikoloni, C. P. Donnison, aliandika kwamba kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwake kusini mwa Nyanza, Kenya, hakumwona hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha. Mwaka 1956 daktari Hugh Trowell na mwenzake walichapisha kisa cha ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Mwafrika wa Uganda, na kisa kimoja tu kilitosha kuwa habari ya kitabibu. Miji ilikua, kisukari na presha vikaenea, sigara zikaja, lakini mazoea ya kufikiri yakabaki nyuma.

Moshi tumeshawahi kuliona jambo hili kwa sura nyingine. Utafiti uliofanyika KCMC na Mawenzi mwaka 2007 na 2008 uliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya nusu, wagonjwa 528, waliandikiwa malaria. Walioumwa malaria kweli walikuwa 14. Jina lililozoeleka lilitangulia, na ugonjwa halisi ukakaa bila kutafutwa. Maumivu ya kifua yanataka nidhamu ile ile tuliyojifunza kwenye homa: pima kwanza, ndipo uite jina.

Upimaji huanza na maelezo ya mgonjwa, na hapa muda mchache wa kusikiliza una thamani kubwa. "Mzee, hebu nionyeshe kwa mkono panapouma." Anayegusa kwa ncha ya kidole sehemu moja kwenye ubavu, na maumivu yakazidi pakibonyezwa, mara nyingi ana shida ya misuli au mbavu. Anayefumba ngumi na kuiweka katikati ya kifua anatutia wasiwasi. Maumivu ya moyo kwa kawaida hubana, hulemea, huunguza. Hupanda shingoni, kwenye taya, begani, hushuka mkononi au hukaa kwenye chembe cha moyo, yakiambatana na jasho la baridi na kichefuchefu. Daktari anauliza pia yalianza mtu akifanya nini. Mama anayebanwa kila akipanda mwinuko kurudi nyumbani Kibosho, akipumzika anapata nafuu, ametupa habari nzito, hata kama leo amekaa kwenye kiti akitabasamu.

Na wapo wasiofuata maelezo hayo. Wazee, wanawake na wenye kisukari wanaweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu makali: pumzi inakatika, mwili unaishiwa nguvu ghafla, tumbo linachafuka. Bibi mwenye sukari anayesema "leo sijielewi tu" huku akitoka jasho anahitaji kupimwa moyo.

Kipimo chenyewe ni ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Vibandiko 10 huwekwa mwilini, sita kifuani na vinne mikononi na miguuni. Hakiumi, hakitoi damu, na huchukua dakika chache. Kiwango kinachokubalika duniani ni kifanyike ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, kabla ya foleni na kabla ya malipo kuleta mjadala. Kikiwa safi mara ya kwanza hakimwachii mtu huru. Maumivu yakiendelea hurudiwa baada ya robo saa au nusu saa. Kisha damu hupimwa troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia. Huchukua saa kadhaa kupanda, ndiyo maana mgonjwa huambiwa asubiri kutolewa damu tena. Ndugu wengi hukasirika hapo wakidhani wanacheleweshwa. Tafadhali subirini, kipimo cha pili ndicho chenye jibu.

Maradhi mengine ya orodha ile yana alama zake. Maumivu ya kupasua yanayokimbilia mgongoni, na presha isiyolingana kati ya mkono mmoja na mwingine, huelekeza kwenye mshipa mkuu uliochanika. Kukosa pumzi ghafla baada ya upasuaji, kujifungua au safari ndefu ya basi, mguu mmoja ukiwa umevimba, hutufanya tufikirie bonge la damu. Maumivu yanayochoma ukivuta pumzi, pamoja na homa na kikohozi, yanaweza kuwa nimonia. Kikohozi kikifika wiki mbili, kifua kikuu kipimwe, maana huku kwetu ndicho kinachojaza maji kwenye utando wa moyo mara nyingi. Ultrasaundi huyaona maji hayo. Kwa wapagazi wetu wa Kilimanjaro wanaolala kambi ya Kibo, mita 4,720 juu, kubanwa kifua na kukosa pumzi hata umepumzika kunaweza kuwa maji mapafuni kwa sababu ya kimo, na tiba ya kwanza ni kushuka usiku huo huo.

Tiba ya mshtuko wa moyo huanza na dawa ya bei ndogo. Utafiti wa mwaka 1988 uliohusisha wagonjwa 17,187 ulionyesha kuwa aspirini peke yake ilipunguza vifo kwa karibu robo. Miligramu 300, za kutafunwa, kwa asiye na mzio nayo, asiyetokwa damu tumboni, na ambaye maumivu yake si yale ya kupasua mgongo. Kuzibua mshipa kwa mrija hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, lakini huko ni safari ya zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo dawa ya kuyeyusha bonge na dakika za mwanzo hapa Moshi zina uzito mkubwa.

KCMC imejaribu mpango wa kubadili mazoea: kadi za kuwatambua wagonjwa wa kifua mapokezi, kadi za mfukoni kwa madaktari, mafunzo, na vipeperushi kwa wagonjwa. Nawe una sehemu yako. Ukifika, sema wazi kwa nesi: "Dada, kifua kinanibana, kimeanza saa fulani," na uulizie ECG. Ukiruhusiwa, omba karatasi yake, au ipige picha kwa simu na uihifadhi. Siku nyingine kifua kikiuma, daktari atailinganisha na mpya, na badiliko dogo ambalo lingempita litaonekana.